Kuifuata Garratt Hadi Uingereza: Mpango wa Safari ya Kiangazi Katika Reli za Kale

Wengi wa ndugu zetu waliojaliwa kufika Uingereza hurudi na habari za namna moja: mnara wa saa kubwa, jumba la Mfalme, maduka na baridi. Hayo si mabaya, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini nchi hiyo ina hazina nyingine ambayo sisi watu wa Afrika Mashariki tunahusiana nayo zaidi kuliko tunavyodhani, nayo ni reli zake za kale, ambako magari moshi ya mvuke yangali yakipita kila kiangazi yakiwa yamejaa abiria. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoipanga safari ya majuma mawili ya kwenda kuziona reli hizo, mambo tuliyoyachagua, mambo tuliyoyaacha, na sababu zake, ili msomaji mwenye nia kama yetu asianze gizani.

Hatuna budi kukiri mapema kwamba safari hii si ya anasa. Mzee wetu aliyetuzaa alijiunga na Reli na Bandari za Afrika Mashariki mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 20, akafanywa mchochea moto katika stesheni ya Tororo. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka kati ya Tororo na Eldoret juu ya vichwa vya gari moshi vya Garratt vya daraja la 60. Siku moja katika miaka ya sabini, kichwa alichokizoea kilivuka mpaka pale Malaba kikivuta shehena, na hakikurudi tena. Dizeli zikashika nafasi, Shirika likagawanyika mwaka 1977, na Mzee akamalizia utumishi wake katika ghala ya vipuri. Leo umri wake unakaribia miaka 80, goti lake la kushoto limekuwa zito, na daktari ametuambia kwa upole kwamba kama kuna mahali Mzee anapotaka kufika, asingoje sana.

Tulipomwuliza mahali hapo ni wapi, hakutaja mji wowote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, ningependa kuisikia Garratt ikipanda mlima. Mara moja tu. Kuiona imesimama nimekwisha kuiona Nairobi. Nataka kuisikia."

LENGO LA SAFARI

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba mpango wowote huanza kwa kuandika lengo katika sentensi moja, na kwamba ofisa asiyeweza kufanya hivyo hajui aendako. Basi usiku ule ule tuliandika: Mzee aisikie Garratt ikipanda mlima, na arudi nyumbani salama. Yote mengine, yawe mazuri kiasi gani, ni nyongeza.

Ni vema kwanza msomaji aelewe Garratt ni kitu gani. Kichwa cha kawaida cha gari moshi hubeba tangi la mvuke juu ya magurudumu yake. Mhandisi Mwingereza aitwaye Herbert William Garratt alibuni namna nyingine: tangi la mvuke linaning'inizwa katikati, na mbele yake na nyuma yake kuna injini mbili, kila moja na magurudumu yake, ambazo huweza kugeuka peke yake. Kwa njia hiyo kichwa kirefu sana hujipinda katika kona kama nyoka, na uzito wake hutawanywa juu ya magurudumu mengi, hata reli nyepesi zikaweza kuubeba. Kwa nchi zenye milima, kona kali na reli nyembamba, kama zilivyo zetu, uvumbuzi huo ulikuwa dawa yenyewe. Garratt ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania. Watengenezaji wake wakuu walikuwa kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, ambayo karakana yake ilikuwa mtaa wa Gorton.

Kutoka Gorton ndiko kulikotoka, katika miaka ya 1955 na 1956, Garratt 34 za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuzishinda katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Ndugu zao wadogo, wale wa daraja la 60, walipewa majina ya magavana, majina ambayo yaliondolewa baada ya uhuru. Hao ndio Mzee aliowahudumia. Vilikuwa vikichoma mafuta mazito, si makaa, na Mzee hupenda kueleza jinsi alivyokuwa akitupa koleo la mchanga ndani ya tanuri ili mchanga uvutwe na moshi na kuyakwangua masizi katika mabomba. "Moshi ukitoka mweusi sana," husema, "dereva hakukuuliza neno. Alikutazama tu."

Leo Garratt zetu zimenyamaza. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, zimo mbili za daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena, nazo zimetunzwa kwa heshima. Lakini anayetaka kuisikia Garratt ikifanya kazi kila kiangazi hana budi kuelekea Wales, magharibi ya Uingereza.

RELI ILIYOFUFUKA

Huko Wales kuna reli nyembamba iitwayo Welsh Highland, yenye upana usiofika hata sentimita 60 na urefu wa maili 25, sawa na kilometa 40, kutoka mji wa bandari wa Porthmadog hadi Caernarfon, ikipita chini ya mlima Snowdon. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1937. Vyuma viling'olewa na njia yake ikaota majani. Yapata miaka 60 baadaye watu wakaanza kuijenga upya, na mwaka 2011 magari ya abiria yakapita tena mwanzo hadi mwisho.

Jambo lililotushtua na kutufurahisha ni hili: vichwa vinavyovuta magari ya reli hiyo ni Garratt zilizotoka Afrika. Zilifanya kazi miaka mingi Afrika Kusini, na zilipostaafishwa zikanunuliwa na kupelekwa Wales. Mojawapo, namba 143, ndiyo Garratt ya mwisho kabisa kutengenezwa Manchester, mwaka 1958. Kwa hiyo chuma kilichofuliwa Uingereza kikatoa jasho Afrika, kisha kikarudi Uingereza kulelewa uzeeni. Tulipomsomea Mzee habari hizi alicheka hadi akakohoa, akasema kwamba hicho kichwa kina bahati kuliko yeye, kwa kuwa kimepata pensheni na kazi juu yake.

Anayetaka kuisikia ikipanda mlima achague gari linalotoka Porthmadog kwenda Caernarfon. Kwanza reli hupita tambarare, kisha huingia katika korongo la Aberglaslyn lenye mahandaki yaliyochongwa mwambani, mto ukivuma kando. Baada ya kijiji cha Beddgelert reli hujikunja huku na huko ikiukwea mlima, nayo hupanda mita moja kwa kila mita 40. Hapo ndipo Garratt hulazimika kusema. Sisi tumekwisha kuweka alama mahali hapo katika ramani kwa kalamu nyekundu.

KWA NINI RELI HIZI ZIPO

Msomaji atauliza: Uingereza ni nchi ya kwanza kuwa na reli ya umma iliyotumia vichwa vya mvuke, ile ya Stockton na Darlington ya mwaka 1825, je, imehifadhi reli zake kwa sababu ya utajiri? La hasha. Mwaka 1963 ilitolewa taarifa mashuhuri ya Dk. Richard Beeching, iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na kilometa zipatazo 8,000 za reli, kwa hoja kwamba hazilipi. Nyingi zikafungwa kweli. Tarehe 11 Agosti 1968 shirika la reli la taifa likaendesha gari lake la mwisho la abiria la mvuke katika njia kuu, kutoka Liverpool kwenda Carlisle na kurudi, na vichwa vingi vikauzwa kama vyuma chakavu.

Zilizobaki zilibaki kwa sababu ya watu. Mfano wa kwanza ni reli ya Talyllyn, pale Tywyn, pwani ya Wales. Ilifunguliwa mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Mwenye reli hiyo alipofariki mwaka 1950, ilitazamiwa kufa pamoja naye. Mwandishi aitwaye Tom Rolt akaitisha mkutano mjini Birmingham mwezi Oktoba mwaka huo, na kufikia Mei 1951 watu wa kujitolea walikuwa wakiendesha magari wenyewe. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wasiolipwa. Baada yake zikafuata nyingine, na leo nchi hiyo ina reli za namna hiyo zaidi ya 100. Mkata tiketi aweza kuwa mwalimu mstaafu, gadi akawa karani wa benki, na kijana anayepangusa magurudumu akawa mwanafunzi wa shule aliyetoa Jumamosi yake.

MPANGO WA KWANZA NA KOSA LAKE

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa na reli tisa katika siku 14, ukianzia London na kuzunguka nchi nzima, na Wales ikiwekwa mwisho kama kilele cha safari. Tuliuchora vizuri kwa rangi, tukampelekea Mzee huku tumejaa fahari. Alivaa miwani, akaufuatisha kwa kidole, akauliza swali moja tu: "Na goti likikataa siku ya nane?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetenda kosa ambalo kila kadeti huonywa nalo: kuliweka lengo mwishoni, baada ya nguvu kwisha, na kutobakiza akiba. Tukaurarua mpango ule. Katika mpango wa pili Wales imekuwa ya kwanza, siku tatu zimetengwa kwa kazi ya siku moja, na reli tisa zimekuwa tano. Kwa faida ya msomaji, huu ndio mpango wenyewe.

Siku ya kwanza ni ya kutua London na kulala. Siku ya pili tutapanda gari la kwenda Birmingham, na kutoka hapo gari la pwani ya Wales. Hapa kuna mtego: gari hilo hukatwa vipande viwili katika stesheni ya Machynlleth, kimoja kikienda Aberystwyth na kingine kikiendelea na pwani hadi Porthmadog na Pwllheli. Asiyeuliza behewa lake ni lipi hujikuta mji mwingine. Njia hiyo ya pwani ni mandhari peke yake, kwa kuwa huambaa na bahari, na pale Barmouth huvuka mlango wa mto juu ya daraja la miti lililojengwa mwaka 1867.

Siku ya tatu, ya nne na ya tano ni za Porthmadog. Ikiwa siku ya tatu itafanikiwa, zile mbili zitatumika kwa kupumzika na kwenda Tywyn kuiona Talyllyn, ambayo iko kwenye njia hiyo hiyo ya pwani. Siku ya sita tutapanda reli ya Ffestiniog, ya tangu mwaka 1836, inayokwea kutoka Porthmadog hadi machimbo ya mawe ya Blaenau. Zamani magari yaliyojaa mawe yaliteremka kwa uzito wake yenyewe hadi bandarini, na farasi waliyavuta matupu kurudi mlimani. Katika stesheni ya Blaenau reli hiyo hukutana na reli ya taifa, na abiria huvuka jukwaa tu kuendelea hadi Llandudno Junction na Manchester.

Manchester tutakaa siku moja. Kampuni ya Beyer, Peacock ilifungwa mwaka 1966, lakini katika makumbusho ya mji huo imehifadhiwa Garratt moja kubwa iliyorudishwa kutoka Afrika Kusini. Mzee amesema hana haja ya mengi. Anataka tu kusimama katika mji ambao jina lake alilisoma kila alfajiri kwenye kibao cha shaba alipokuwa akipangusa kichwa.

DARAJA LA MATAO NA MBWA ALIYETIA SAHIHI

Siku ya nane ni ya njia ya Settle hadi Carlisle. Hii si reli ya kujitolea. Ni njia ya taifa inayotumiwa na abiria wa kila siku, nayo huhesabiwa miongoni mwa njia zenye mandhari bora kabisa. Ilifunguliwa kwa abiria mwaka 1876, na ina urefu wa kilometa kama 116 juu ya mgongo wa milima. Pale Ribblehead hupita juu ya daraja lenye matao 24, urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32. Maelfu ya vibarua waliijenga kwa sururu na baruti, wakiishi katika kambi za mbao walizozipa majina kama Sebastopol, la vita vya Krimea. Wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui, wakazikwa katika makanisa ya vijijini. Mtu wa kwetu hawezi kusoma habari hizo bila kuwakumbuka vibarua karibu 2,500 waliokufa, kati ya 32,000 hivi walioletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani.

Katika miaka ya themanini shirika la reli lilitaka kuifunga njia hiyo, likidai kwamba daraja la Ribblehead lingegharimu fedha nyingi mno kulitengeneza. Sheria iliruhusu abiria kuandika pingamizi. Ziliandikwa zaidi ya 20,000. Mojawapo ilikuwa alama ya unyayo wa mbwa aitwaye Ruswarp, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha marafiki wa reli hiyo. Kwa kuwa mbwa huyo alikuwa akilipiwa nauli kila safari, ilikubaliwa kwamba naye ni abiria. Tarehe 11 Aprili 1989 serikali ikatangaza kwamba njia haitafungwa. Na daraja lilipotengenezwa, gharama ikawa ndogo kuliko ilivyohofiwa.

Hadithi haikuishia hapo. Mwezi Januari 1990 mwenye mbwa alikwenda kutembea katika milima ya Wales, akafariki huko peke yake. Mwili wake ulipopatikana baada ya majuma 11 ya baridi kali, Ruswarp alikuwa bado ameketi kando yake, hai lakini dhaifu. Leo sanamu yake ya shaba iko katika stesheni ya Garsdale, ikitazama ng'ambo ya reli.

Tulipommalizia Mzee hadithi hii hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mbwa alitia sahihi?" Tukajibu ndiyo. Akasema, "Njia ya Kasese ilipoachwa, sisi hatukutia hata kidole." Njia hiyo ilifika Kasese mwaka 1956, na kwa miaka mingi sasa imelala chini ya majani.

MWAKA MMOJA, RELI MBILI

Kutoka Carlisle tutaingia Uskoti. Njia ya magharibi kutoka Glasgow hadi Fort William huchukua karibu saa nne, ikipita katika nyika ya kinamasi ya Rannoch, ambako wajenzi, walipoona udongo unameza kila kitu, walitandika matawi, mizizi, udongo na majivu, na reli ikawekwa juu yake kama mtumbwi juu ya maji. Stesheni ya Corrour, iliyo pweke katika nyika hiyo, ndiyo ya juu kuliko zote katika reli kuu za nchi hiyo, mita 408 juu ya usawa wa bahari. Kwa watu waliozoea Timboroa, yenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, hilo ni jambo la kutabasamu kidogo.

Sehemu ya mwisho, kutoka Fort William hadi Mallaig, ilifunguliwa mwezi Aprili 1901. Mwezi Desemba mwaka huo huo reli ya kutoka Mombasa iligusa ziwa pale Port Florence, ambapo leo panaitwa Kisumu. Reli hizi mbili ni watoto wa mwaka mmoja. Daraja la Glenfinnan, lenye matao 21 ya zege yaliyojipinda, limekuwa mashuhuri kwa sababu ya filamu za Harry Potter, na gari la mvuke liitwalo Jacobite huvutia umati wa watu kila kiangazi. Nafasi zake hujaa miezi mingi kabla. Lakini msomaji asivunjike moyo: gari la kawaida la abiria hupita juu ya daraja hilo hilo kwa nauli ndogo. Aketi upande wa kushoto anapoelekea Mallaig, nalo daraja litajionyesha lenyewe katika kona.

Wakati wa kurudi tutapitia York, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Reli, ambayo hayana kiingilio. Humo kimo kichwa kiitwacho Mallard, ambacho tarehe 3 Julai 1938 kilikimbia maili 126 kwa saa, sawa na kilometa 203, na hakuna kichwa cha mvuke kilichothibitishwa kuvunja rekodi hiyo. Sakafu ya makumbusho ni tambarare na viti vipo. Ndiyo maana tumeyaweka mwishoni, goti likiwa limechoka.

UGAVI

Sasa tuseme juu ya mambo ya vitendo, maana jeshi lisilo na ugavi halifiki mbali.

Ruhusa ya kuingia nchini humo huombwa si mapema kuliko miezi mitatu kabla ya safari, na ni busara kutochelewa, kwa kuwa miezi ya kiangazi, yaani Juni hadi Agosti, waombaji ni wengi. Tiketi za reli zina bei nyingi tofauti kwa kiti kile kile: anayenunua mapema, yapata majuma 8 hadi 12 kabla, hulipa kidogo, lakini tiketi hiyo hufunga mtu na gari moja tu, likimpita, imempita. Wageni huweza pia kununua pasi ya siku kadhaa iitwayo BritRail, inayotumika katika reli ya taifa. Pasi hiyo isidhaniwe kwamba hulipia reli za kujitolea, ambazo aghalabu zina tiketi zake. Mtu wa miaka 60 na kuendelea huweza kununua kadi ya wazee inayompunguzia theluthi ya nauli nyingi. Na mwenye shida ya kutembea huweza kuomba mapema asaidiwe kupanda na kushuka, bila malipo. Kwa ajili ya goti la Mzee, hilo tumeliandika kwa wino mweusi.

Ratiba zao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Gari la 10.15 kwao ni la saa 4.15 asubuhi kwetu. Reli za kale haziendeshi magari kila siku. Kila moja hutoa kalenda yenye rangi, na kila rangi ina ratiba yake. Mwenye kufika siku isiyo na rangi atayakuta mageti yamefungwa. Nguo nzito zisiachwe nyumbani: kiangazi cha Uskoti ni kama asubuhi ya Kabale, na mvua haiombi ruhusa. Aidha huko kuna usubi mwingi jioni. Mchana ni mrefu ajabu. Mwezi Juni jua la Fort William hutua baada ya saa 4 usiku, na mzee aliyezoea kulala na kuku itabidi afungiwe mapazia.

AKIBA

Liko tishio moja ambalo lingeweza kuuvunja mpango wote. Kiangazi kikiwa kikavu mno, kama mwaka 2022, cheche za vichwa vya mvuke huweza kuwasha nyika, na baadhi ya reli hulazimika kutumia dizeli badala yake. Vilevile kichwa cha miaka zaidi ya 60 huweza kuugua asubuhi kama mzee yeyote. Hakuna anayeweza kumwahidi msafiri kichwa fulani kwa siku fulani. Hii ndiyo sababu ya zile siku tatu za Porthmadog. Tumeamua pia kwamba siku tatu zikipita bila Garratt, tutaiacha Uskoti na daraja lake mashuhuri, tukae Wales tungoje. Ndugu yetu mmoja alilalamika kwamba ni hasara kulipa nauli ya Ulaya na kukosa daraja la filamu. Tukamwonyesha ile sentensi ya kwanza tuliyoiandika. Hakuendelea.

Fedha tumezikusanya kwa miaka mitatu, ndugu wanne, kila mmoja kwa kadiri yake, na tumeuza ng'ombe wawili wa Mzee kwa idhini yake. Hatuwezi kwenda mara mbili. Daktari amempima na kumruhusu asafiri mwezi Julai, kwa sharti kwamba asipande ngazi nyingi na asilale chini ya saa nane kila usiku.

Msomaji asiye na njia ya kwenda Wales asione kwamba makala haya hayamhusu. Reli zile hazikuokolewa na wenye fedha, bali na watu walioona kwamba kitu kilichobeba maisha yao hakistahili kutupwa kimya kimya. Katika stesheni zetu wangali wazee waliochochea moto, waliobadilisha njia, waliopiga kengele. Wanazijua habari ambazo hazimo katika daftari lolote. Kukaa nao jioni moja na kuziandika hakuhitaji pasi wala pauni.

Juzi tulimkuta Mzee uani ameketi, macho ameyafumba. Tukadhani amelala. Alikuwa akipiga goti lake bovu kwa vidole, polepole kwanza, kisha kwa haraka zaidi. Tukamwuliza anafanya nini. "Najikumbusha," akasema, "ili nikiisikia nijue kama dereva wao anaijua kazi."